Shajara ya mradi: Taa ya eabegi kwenye Toyota IST ya 2004

Gari ni Toyota IST, NCP60, injini ya 2NZ. Sikuliagiza Japani mwenyewe, nimelinunua kwa mtu hapa hapa Dar. Shajara hii ni kwa wenye IST na ndugu zake wa miaka ile, Vitz na Platz, maana mfumo wao wa eabegi (mfuko wa hewa unaofyatuka kwenye ajali) unafanana kwa mambo mengi. Nitaongeza kila hatua inapoisha. Bei zote ni shilingi za Tanzania, nilizolipa mimi au nilizotajiwa.

Tahadhari moja kabla ya yote: ndani ya eabegi kuna kemikali inayolipuka kwa makusudi, na mfuko hujaa kwa muda usiofika sehemu ya 20 ya sekunde. Kama hatua za betri huko chini hazijakuingia vizuri kichwani, tafuta fundi, ukae pembeni uangalie anavyofanya.

Jumamosi, 8 Februari 2025: taa isiyowaka

Kwenye Toyota hizi, ukifungua swichi bila kupiga stata, taa ya SRS, yaani ya eabegi (kile kimtu chenye duara kifuani) inatakiwa iwake kama sekunde 6 halafu izime yenyewe. Hapo kontroli boksi ya eabegi inajikagua. Kwenye gari hili taa haikuwaka hata kidogo. Wakati wa kuuziana niliambiwa, "Kaka, angalia dashibodi, haina taa hata moja," na kweli haikuwa nayo.

Nimefungua saa za dashibodi, ambazo kwa IST ziko katikati, si mbele ya dereva. Nyuma ya alama ya SRS nimekuta kipande cha selotepu nyeusi ya umeme kimekatwa kwa wembe kikaenea sawasawa na alama, kingo zimenyooka kabisa, hakijagusa alama ya jirani. Aliyekibandika hakuwa na haraka. Nimekibandua, nimefuta gundi kwa spiriti, nimerudisha saa mahali pake. Taa imewaka, ikagoma kuzima. Afadhali, sasa naujua ukweli.

Kwa anayekwenda kukagua gari la kununua: selotepu ni ujanja wa wavivu. Kuna wanaoiunga taa ya eabegi kwenye waya wa taa ya oili au ya chaji, ili iwake na kuzima injini inapowaka, na mnunuzi aone kila kitu shwari. Kuwabaini ni rahisi. Fungua swichi, usipige stata, subiri. Taa ya eabegi iliyo halali itazima yenyewe baada ya sekunde chache huku ya oili na ya betri zikiendelea kuwaka. Zikibaki zote tatu mpaka injini iwake, au eabegi isionekane kabisa, punguza bei au ondoka.

Gharama ya leo: hakuna.

Jumapili, 9 Februari: kusoma kosa

Nilianza na kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya dashibodi na kusomwa kwenye simu. Kimeniambia gari halina kosa. Vifaa vingi vya bei hiyo vinasoma injini tu. Kompyuta ya eabegi ni nyingine na haviongei nayo, kwa hiyo jibu la "hakuna kosa" kutoka kwake halina maana yoyote kwa taa ya SRS.

Toyota za umri huu zina njia ya zamani isiyohitaji mashine. Kwenye ile soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, swichi ikiwa wazi na injini haijawashwa, kisha unahesabu mimeto ya taa. Tundu la 4 ni la nne kwenye safu ya juu ukihesabu kutoka kushoto, soketi ikiwa na upande mpana juu. Safu ya chini inaanzia 9, kwa hiyo la 13 ni la tano. Hesabu kwa utulivu, kwa sababu tundu la 16, la mwisho chini, lina umeme wa betri muda wote, na waya ukilishwa huko utaunguza fyuzi ukiwa na bahati, kompyuta usipokuwa nayo.

Taa ya injini nayo ilianza kumeta kwa kasi isiyobadilika, maana yake kwake hakuna kosa. Ya SRS ikameta mara moja, ikanyamaza kidogo, ikameta mara nne, ikanyamaza zaidi, ikarudia. Kosa 14.

Kwa kumbukumbu ya atakayefuata, kwenye kizazi hiki 13 ni shoti kwenye njia ya eabegi ya dereva na 14 ni njia hiyo hiyo kukatika. Abiria ni 53 na 54 kwa mpangilio ule ule. 31 ni kontroli boksi yenyewe. Ukitumia mashine kamili, 14 itaandikwa B0101. Magari ya baadaye yana namba nyingine, usitumie hizi.

Kukatika maana yake nini? Kontroli boksi hupitisha umeme mdogo sana kwenye kiwashio cha eabegi na kupima ukinzani wake. Kiwashio kizima kina kama omu 2. Boksi lisipoona kitu kinachokaribia hapo, linawasha taa na kuiacha. Kwa hiyo mahali fulani kati ya boksi, lililofungwa sakafuni chini ya konsoli ya katikati, na eabegi iliyo ndani ya stelingi, njia imeachia.

Kuna dalili niliyokuwa nimeiona barabarani bila kuipa uzito: honi inalia gari likiwa limenyooka, ukikata kona ya kushoto haisikiki. Honi na eabegi zote mbili zinapitia nyuma ya stelingi.

Jumatano, 12 Februari: maoni ya gereji

Kabla sijafungua chochote nilipita kwa fundi umeme mmoja. Alifungua kava ya chini ya stelingi, akachomoa soketi ya njano, akaweka mita, akasikia mlio, yaani umeme unapita. "Bosi, spairo yako nzima, inapiga. Hapo ni kontroli boksi." (Spairo ni utepe wa umeme ulio nyuma ya stelingi, nitaieleza chini.) Boksi la mtumba akalitaja kwa 350,000 na kufunga. Nilipokunja uso akashusha sauti: kwa 10,000 ananiwekea rezista (kipande kidogo chenye ukinzani kama wa kiwashio) badala ya eabegi, taa inazima leo leo.

Nianze na boksi. Kosa la boksi lina namba yake, 31, na gari halikuitoa. Boksi linalolalamika kwamba njia imekatika lina haki ya kuaminiwa kwanza, kabla ya kuhukumiwa.

Rezista ndiyo inayoniudhi zaidi. Ni kweli taa inazima. Boksi linaona omu 2 na kuamini eabegi ipo. Siku ya kugonga litatuma umeme, rezista itapata moto kidogo, na kifua chako kitakutana na stelingi. Magari mangapi yanatembea hivi mjini sijui, ila aliyenitajia bei hakuhitaji kuifikiria.

Na ule mlio wa mita? Nimeupatia maelezo Jumamosi, soma chini, kwa sababu mtego huu unawauzia watu maboksi wasiyoyahitaji.

Jumamosi, 15 Februari: kufungua na kupima

Kabla ya kugusa stelingi niliingiza namba ya chesisi kwenye ukurasa wa Toyota Japani wa kuangalia magari yaliyorudishwa kiwandani. Sababu ni Takata. Vijazio vyao vya zamani, sehemu inayotoa gesi ya kujaza mfuko, vilitumia amonia nitrati, na joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu, ikalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa aliyeketi. Ndiyo kasoro iliyorudisha mamilioni ya magari duniani, na kampuni ikaomba kufilisika Juni 2017. Gari lililozeekea kwenye joto na unyevu wa Dar ni la kuliangalia mara mbili. Langu halina kilichobaki. Lingekuwa nalo, shajara ingeishia hapa na eabegi ingetolewa na watu wenye vifaa vyao.

Kazi ya betri: swichi imefungwa, ufunguo nje, negativu imetolewa na kufunikwa kitambaa isije ikarudi yenyewe. Kisha subira. Toyota wanaandika angalau sekunde 90, kwa sababu boksi lina akiba ya umeme ndani yake ili liweze kufyatua eabegi hata betri ikikatika kwenye ajali. Mimi nilienda kunywa chai.

Kava ya eabegi imeshikwa na skrubu mbili za nyota, T30, moja kila upande wa stelingi chini ya vifuniko vya plastiki. Bisibisi ya kawaida itaziua, nunua biti yake (4,000). Ikilegea, vuta taratibu, utaona soketi ya njano mgongoni na waya wa honi. Soketi ina kufuli dogo linaloinuliwa kwanza kwa bisibisi bapa. Ukiibeba eabegi, uso wake uwe mbali na wewe, na ukiiweka chini uso uangalie juu. Ikifyatuka ikiwa imelala kifudifudi, itaruka yote.

Nilifurahi kukuta ni eabegi halisi: lebo ya Toyota, chuma hakina kutu, waya hazijakatwa. Baada ya ile selotepu nilikuwa tayari kukuta kava tupu.

Sasa kupima. Kanuni haina mjadala: usiweke mita ya omu kwenye eabegi yenyewe. Mita hutoa umeme wake kidogo, na kiwashio kimetengenezwa kuwaka kwa umeme mdogo. Badala yake unaiweka pembeni na kuibadilisha na rezista. Hapa ndipo rezista ina kazi halali. Nilinunua ya omu 2.2, nusu wati, Kariakoo, kwa 500, nikaiongezea miguu ya waya mwembamba ili nisipanue meno ya soketi. Soketi iliyopanuliwa ni kosa jipya la mwezi ujao.

Rezista kwenye soketi ya juu, ile iliyokuwa inaingia kwenye eabegi. Betri imerudishwa, swichi wazi: bado 14. Eabegi haina hatia, kosa liko nyuma yake.

Betri tena nje, subira tena. Rezista ikahamia chini ya stelingi, kwenye soketi ya waya za gari kabla hazijaingia spairo: taa ikawaka sekunde zake na kuzima. Waya za gari ni nzima, boksi ni zima. Kati ya sehemu hizo mbili kuna kitu kimoja tu, spairo.

Spairo ni lile duara la plastiki nyuma ya stelingi. Ndani yake kuna utepe bapa wenye nyuzi za shaba, umeviringwa kama futi ya fundi cherehani ndani ya kikasha chake, ili umeme upite huku stelingi ikizunguka. Unakunjwa na kukunjuliwa kila kona tangu gari lizaliwe, na mwisho unachanika.

Halafu mtego wa Jumatano. Soketi za njano za eabegi zina kibati cha springi ndani. Ukichomoa soketi, kibati kinashuka na kuunganisha pini mbili za upande wa eabegi, ili hata umeme wa kupotea usiifyatue. Ni ulinzi mzuri sana. Lakini ukiweka mita kwenye pini hizo mbili za spairo huku chini, unapima kibati. Mita italia hata utepe ukiwa vipande viwili. Fundi alisikia mlio wa kibati akaona spairo haina kosa.

Ukilijua hilo, kibati kinageuka msaada. Eabegi ikiwa imeshatolewa, acha soketi ya chini ikiwa imechomolewa, weka mita kwenye pini mbili za *juu*. Umeme unashuka kwa uzi mmoja, unapita kwenye kibati, unapanda kwa mwingine, kipimo kimoja kinakagua nyuzi zote mbili. Langu lilisoma omu 0.7 stelingi ikiwa imenyooka. Nikaizungusha kushoto taratibu. Karibu na nusu mzunguko namba zikaanza kucheza, 0.9, 4, 30, kisha mita ikaandika OL, yaani njia imekatika. Nikarudisha kulia kidogo, 0.7. Kushoto, OL. Nilirudia mpaka mke wangu akauliza gari linafundishwa nini.

Jumatano, 19 Februari: Gerezani, kwenye maduka ya vipuri

Spairo ya Toyota ile ile huja kwa aina kadhaa. Stelingi zenye vitufe vya redio zina nyuzi zaidi, soketi za chini zina maumbo tofauti, na baadhi zina sensa ndani yake. Beba ya zamani mkononi. Beba na mita.

Duka la kwanza la mtumba: 45,000. Muuzaji aliizungusha kwa kidole kama gurudumu la mtoto, "Bosi, ona inavyoteleza." Kuteleza hivyo ndiyo tatizo. Spairo ina mizunguko yake, takriban miwili na nusu kila upande kutoka katikati, na ikifika mwisho inapaswa kukaza. Inayozunguka bila kikomo utepe wake umeshakatika. Nikapima pini za juu: OL. Akasema mita yangu ndiyo mbovu.

Ya pili ilipima vizuri pande zote ila soketi ya chini ilikuwa ya gari lenye vitufe. Alinishauri kukata waya na kuunga. Kwenye honi ningefikiria. Kwenye njia ya eabegi, kiungo cha kusokota na selotepu kinaongeza ukinzani na kuleta 14 nyingine, kwa hiyo hapana.

Spairo halisi mpya ya kuagiza ilitajwa 320,000, na kusubiri. Nimechukua mpya isiyo ya Toyota kwa 85,000, iliyokuja imefungwa katikati kwa pini ya plastiki. Niliipima kaunta kabla ya kulipa: 0.5. Itadumu kama ya kwanza? Sitarajii. Lakini mtumba wa umri ule ule umeshakunjwa mara nyingi kama wangu.

Jumamosi, 22 Februari: kufunga

Betri, subira. Matairi yanyooke kabisa kabla ya kutoa stelingi, kisha chora alama kwa kalamu nyeupe kwenye shafti na kwenye stelingi. Nati ni ya 19. Ilegeze lakini usiitoe yote, iache kwenye nyuzi za mwisho ndipo uivute stelingi, maana inapoachia huachia ghafla na nati ndiyo itakayokinga meno yako.

Spairo yenyewe ni kazi fupi. Kilicho muhimu ni katikati. Kama yako imekuja bila pini, au pini imetoka, izungushe kinyume cha saa kwa mkono mpaka ikaze, bila kulazimisha, kisha irudishe kama mizunguko miwili na nusu mpaka alama zikutane. Ukikosea hapo, kona kali ya kwanza itauchana utepe mpya. Pini nimeitoa spairo ikiwa imeshakaa mahali pake.

Nati ya stelingi nimeikaza kwa niutoni mita 50, skrubu za eabegi 8.8. Spana ya kupimia nimeazima kwa jirani wa pikipiki.

Kuwasha kwa mara ya kwanza: hakuna mtu kwenye kiti, mimi nje ya mlango, mkono unapita dirishani mpaka kwenye ufunguo. Taa imewaka, imezima. Honi inalia kushoto na kulia. Nimelipa 20,000 kwa mwenye mashine kamili afute kumbukumbu ya boksi, ili kosa lolote litakaloonekana baadaye liwe jipya na si mabaki.

Alhamisi, 27 Februari: imerudi

Leo asubuhi, Mandela Road, nimepita tuta, taa imewaka na kubaki. Waya kwenye matundu 4 na 13: mmeto mmoja, mimeto mitatu. Kosa 13.

Ukisoma haraka unasema spairo ya bei rahisi imekufa. Lakini 14 ni kukatika na 13 ni shoti, ni magonjwa mawili. Utepe unaochanika huwa unatoa 14. Shoti kwenye njia hii ina mtuhumiwa anayeeleweka, kile kibati. Soketi ya waya za gari ina ulimi wa plastiki unaoingia na kukiinua kibati. Ikiingia nusu, pini zinagusana vizuri kabisa lakini ulimi haujafika, kibati hakijainuka, na boksi linaona nyuzi mbili zimeunganishwa.

Jumamosi, 1 Machi: alamu

Betri, subira, kava ya chini ya stelingi. Soketi ya njano ilikuwa imeingia, ukiiangalia kwa mbele. Kwa kioo kidogo na tochi ya simu, upande wa nyuma ulionyesha mwanya wa kama milimita 2, na kufuli halijashuka.

Nyuma yake kuna bunda la waya za alamu, zile alamu zinazofungwa mjini karibu kwenye kila gari la mkononi. Aliyeifunga alikusanya waya zote zilizobaki, akazikunja, akazifunga selotepu na kulisukumia bunda nafasi ya kwanza iliyopatikana, ambayo ni nyuma ya soketi ya eabegi. Nilipoisukuma soketi wiki iliyopita ilisimama kwenye bunda, ikajihisi imefika. Tuta likamaliza kazi. Inawezekana kabisa bunda hili ndilo lililokuwa likiivuta soketi ya zamani pia, ila 14 ile ilikuwa ya utepe, nimeuona kwa macho: nilipasua spairo ya zamani, na uzi wa eabegi umekatika penye kunjo, wa honi unaning'inia kwa nyuzi chache za shaba.

Bunda nimelihamishia kulia, nimelifunga kwa vibanio vya plastiki kwenye fremu ya dashibodi, mbali na shafti inayozunguka. Soketi nimeisukuma mpaka ikapiga *klik*, kisha nikaivuta taratibu kuhakikisha haitoki, kisha kufuli. Mlio wa kufuli ni tofauti na wa soketi yenyewe, na usiposikia yote miwili hujamaliza.

Taa: sekunde 6, imezima. Kumbukumbu ya boksi ilifutwa tena na yule yule wa mashine, alichukua 10,000 badala ya 20,000 kwa kuwa alitaka kuona hilo bunda.

Jumapili, 27 Aprili: baada ya mvua

Masika yamepita juu ya gari hili, pamoja na maji ya Jangwani na mashimo ambayo sitayataja barabara zake. Taa inafanya zamu yake ya sekunde 6 kila asubuhi na kuzima. Nimesoma tena kwa waya: mimeto ya haraka isiyokatika, yaani hakuna kosa.

Gharama: biti ya nyota 4,000, rezista 500, spairo 85,000, mashine 30,000, vibanio 2,000. Jumla 121,500. Sikuhesabu nauli wala chai.

Wawili wameniuliza kama hatua hizi zinafaa kwa 54, upande wa abiria. Njia ya rezista ni ile ile, lakini huko hakuna spairo, waya zinakwenda moja kwa moja nyuma ya kabati la glavu, kwa hiyo anzia kwenye soketi na panya kabla ya kitu kingine. Na kama taa inawaka pale tu kiti kinaposogezwa, kwa magari yenye soketi za njano chini ya viti, angalia huko kwanza. Watu hutupa huko chupa za maji, viatu na miavuli.

Spairo ya zamani nimeivunja kwa nyundo kabla ya kuitupa, isije ikarudi Gerezani ikiteleza vizuri. Rezista bado ninayo, mwenye kuihitaji kwa kupimia aje aichukue.